Kupanga Fungate na Mtaalamu wa Safari: Ya Kumwambia na ya Kumuuliza

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nawasalimu maharusi watarajiwa, wazazi, na nyinyi wa kamati za harusi mnaoshika daftari la michango. Asanteni kwa kutupa Jumamosi yenu, na katika Nairobi hii sote tunajua Jumamosi ina thamani gani.

Neno fungate lina hesabu ndani yake. Asili yake ni zile siku saba ambazo maharusi wa Uswahilini hukaa ndani baada ya harusi, wakipikiwa na kuhudumiwa, bila kutakiwa kwenda popote. Sisi tumeongeza ndege, loji na bahari, ila kazi ya zile siku saba ni ileile: watu wawili waliochoka wapumzike na wazoeane. Kila nitakaloshauri leo nimelipima kwa kipimo hicho. Mpango ukiwarudisha kazini mkiwa hoi, umeshindwa, hata kama picha zake ni nzuri namna gani.

Kosa la kwanza hutokea nyumbani, kabla ya mtaalamu yeyote kupigiwa simu. Wachumba hukaa na simu moja, wakapitia picha, mmoja akasema Diani, mwingine akaitikia ili asivunje furaha ya mwenzake. Kumbe yule aliyeitikia hajui kuogelea, jua kali humuumiza kichwa, na moyo wake ulikuwa Nanyuki kwenye baridi. Kwa hiyo chukueni karatasi mbili, kila mmoja ya kwake, na mwandike bila kuoneshana. Andika unaogopa nini: ndege ndogo, kina cha maji, giza la porini. Andika usichokula, na kama nyama lazima iwe halali. Andika kama unapenda kuamka alfajiri au kulala hadi saa 4. Andika kiasi cha fedha ambacho kikipita hutalala usingizi. Kama kuna ujauzito, mwambieni mtaalamu, hata kama wazazi bado hawajaambiwa. Siri hiyo ataitunza, na inabadilisha mambo mengi: waendeshaji wa puto la hewa moto kule Maasai Mara hawapakii mjamzito, na dawa za kukinga malaria huchaguliwa upya. Karatasi zikishajaa, zilinganisheni. Yale mnayokubaliana ndiyo uti wa mgongo wa safari, na pale mnapotofautiana ndipo mtaalamu ana kazi ya kufanya.

Na mtaalamu ni nani? Wakala wa usafiri hasa ni mtu wa tiketi, viza na hoteli. Mwendeshaji wa safari ndiye mwenye magari, madereva na waelekezi, au mwenye mikataba na wanaovimiliki. Mkiwa mnakwenda Mauritius, wa kwanza anatosha. Mkiwa mnakwenda Tsavo kisha Diani, mtafuteni wa pili. Wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA, nayo huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo ombeni kuona ya mwaka huu. Uanachama wa KATO, chama cha waendeshaji safari, au KATA, chama cha mawakala, unaongeza uzito, kwa sababu mnapata pa kupeleka malalamiko. Kuhusu mwelekezi wa porini, ulizeni kama ana daraja la KPSGA, chama cha waelekezi wa safari, yaani shaba, fedha au dhahabu. Mwelekezi mzuri anajua pia wakati wa kunyamaza, na hilo kwa maharusi ni kubwa.

Kuna dalili moja ambayo mimi huiamini kuliko vyeti. Mtaalamu akiwatumia bei kabla hajawauliza maswali kumi, anauza pakeji iliyokuwa tayari kwenye kabati. Anayewafaa atawauliza harusi inaisha saa ngapi, nani anaogopa nini, mmewahi kwenda wapi, na mlichukia nini huko. Nanyi muulizeni bila haya analipwaje: kamisheni ya hoteli, ada kutoka kwenu, au vyote viwili. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo likiwekwa wazi. Ubaya huanza pale anapowasukuma kwenye hoteli moja tu na hasemi kwa nini.

Sasa kalenda. Hapa naomba subira yenu, kwa maana ujuzi wa kweli huonekana hapa.

Pwani yetu huendeshwa na pepo mbili. Kaskazi hushika karibu Desemba hadi Machi. Maji huwa maangavu, na anayetaka kutazama samaki kwenye matumbawe huona mbali. Kusi hushika Aprili hadi Septemba, na kati ya Juni na Agosti bahari huchafuka kiasi kwamba safari za mashua huahirishwa mara kwa mara. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Baadhi ya hoteli za Lamu na Watamu hufunga kabisa wakati wa masika ili zifanyiwe ukarabati. Malindi nayo, mvua ikinyesha bara, mto Sabaki humwaga matope na bahari hugeuka rangi ya chai. Watamu, kusini kidogo, huathirika kwa kiasi kidogo kuliko Malindi. Ukizijumlisha habari hizi, wakati bora wa fungate ya bahari na mbuga kwa pamoja ni kati ya Januari 10 na mwisho wa Februari. Mbuga zimekauka na wanyama wako karibu na maji, bahari inapendeza, na bei za sikukuu zimeshuka.

Lakini harusi zetu nyingi huangukia Agosti na Desemba. Agosti nyumbu wako Maasai Mara, na magari ya watalii pia, yamejipanga ukingoni mwa mto yakingoja kivuko ambacho pengine kisitokee siku hiyo. Usiku ni baridi, beba sweta. Desemba 20 hadi mwanzoni mwa Januari hoteli za pwani hupandisha bei na nyingi hukataa kumpa mtu usiku mmoja au miwili, zikitaka mlale minne au mitano. Kwa wanaooana Desemba, ushauri wangu ni kuigawa fungate: usiku mbili tatu za kulala tu, Naivasha ambako ni kama kilomita 90 kutoka hapa, au Limuru, kisha safari kubwa katikati ya Januari. Mtaokoa fedha, na bahari mtaikuta katika hali yake nzuri.

Halafu kuna maji kupwa na kujaa, jambo ambalo sisi watu wa bara hatulifikirii kabisa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwenye pwani ya Kenya siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa 4 asubuhi maji ndiyo yamejaa, na tofauti ni ndogo.

Kwenu maana yake nini? Mkifika Diani siku za bamvua na kutoka chumbani saa 4 asubuhi mkitaka kuogelea, mtakuta miamba, madimbwi na mwani, na bahari iko kule mbali kwenye mwamba. Watu hufikiri wametapeliwa. Hawakutapeliwa, wamefika tarehe isiyolingana na walichotaka. Siku hizohizo ndizo nzuri kwa kutembea juu ya mwamba mkiwa na viatu vya maji, kwa maana kuna wanyama wa baharini wenye miba, na kwa kupelekwa kunywa chai juu ya fungu la mchanga linalojitokeza baharini. Anayetaka magofu ya Takwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, yeye lazima aende maji yakiwa yamejaa, kwani mkondo wa mikoko haupitiki vinginevyo. Na wale wanaoota chakula cha jioni mchangani chini ya mbalamwezi, habari njema ni kwamba usiku wa mwezi mpevu maji huwa yanatoka, hivyo mchanga ni mpana. Kule Mara geuzeni hesabu: anayetaka nyota aende siku za mwandamo, giza likiwa zito. Mtaalamu anayeshika jedwali la maji na kalenda ya mwezi kabla ya kuwapangia siku, mshikeni.

Lamu na pwani yote, angalieni pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mji mkongwe wa Lamu hukaa kimya mchana na migahawa mingi hufungwa hadi futari. Kwa wengine utulivu huo ndio raha yenyewe, ila mjue mapema.

Njia. Kanuni yangu ni usiku tatu kwa kituo kimoja, na usiku wa kwanza na wa pili baada ya harusi msihame. Msiondoke usiku wa harusi wala asubuhi yake; harusi ikiwa Jumamosi, ondokeni Jumatatu. Ndege ya saa 1 asubuhi baada ya sherehe iliyokwisha saa 6 usiku hukosekana mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na tiketi za bei nafuu hazirudishwi.

Kwa wenye bajeti ya kati, reli ni rafiki mkubwa. Treni ya asubuhi inayosimama vituoni kutoka Syokimau, kituo cha Nairobi, itawashusha Voi, mlale usiku mbili Tsavo Mashariki, kisha mchukue treni nyingine hadi Miritini, kituo cha Mombasa. Kutoka Miritini kwenda Diani, gari lipite barabara ya Dongo Kundu badala ya feri ya Likoni, hasa Ijumaa jioni. Anayetaka Kilimanjaro dirishani ashuke Emali, aendelee kwa gari hadi Amboseli. Tiketi za treni za wikendi na za Desemba huisha, kwa hiyo zinunuliwe mara zinapofunguliwa, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Wanaoruka kwenda Mara watatoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi. Ndege hizo ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu, mfuko uwe laini, kwani sanduku gumu haliingii kwenye buti ya ndege. Bibi harusi mwenye masanduku mawili ayaache Nairobi. Jambo ambalo huleta hasara kubwa zaidi ni uwanja wa kutua. Mara ina viwanja vingi vya nyasi na changarawe: Keekorok, Ol Kiombo, Musiara, Kichwa Tembo, Serena na vingine. Kempu yako iko karibu na kimoja tu. Ukikatiwa tiketi ya kingine, utalipa gari la saa mbili, pengine na kiingilio cha hifadhi ambacho hukupanga. Jina la uwanja liandikwe kwenye vocha, ile hati ya safari mnayopewa. Na mkirudi kutoka Mara mnatua Wilson, ilhali ndege ya nje huondokea JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi. Wekeni nafasi ya saa 5 katikati, hata kama kuna barabara ya juu.

Ndani ya Mara kuna chaguo ambalo wengi hawaelezwi. Katika hifadhi kuu hairuhusiwi kuzunguka usiku wala kutoka nje ya njia. Katika hifadhi za jamii zinazoizunguka, kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara Kaskazini, idadi ya magari hudhibitiwa, na matembezi ya miguu pamoja na mizunguko ya usiku vinawezekana. Ni ghali zaidi. Kwa fungate, ningepunguza usiku mmoja ili nimudu huko. Ulizeni pia kama gari ni lenu peke yenu au mtachanganywa na wageni wengine. Mkichanganywa, simba wa mwenzako atakupotezea asubuhi ya chui wako.

Chumba kina mambo yake. Andikeni wazi kwamba mnataka kitanda kimoja kikubwa, kwani loji nyingi huunganisha vitanda viwili na kutandika shuka moja juu, na ufa ule wa katikati mtauhisi usiku kucha. Hema la maharusi mara nyingi ndilo lililo mbali zaidi. Faragha ni nzuri, lakini usiku hutembei bila askari wa kukusindikiza, na mwenye hofu ya giza ataomba hema la karibu na jikoni. Kempu nyingi zinatumia umeme wa jua, hivyo mashine ya kukausha nywele haitawaka. Nywele zisukwe kabla ya safari. Bafu za ndoo huhitaji kuagiza maji moto dakika kadhaa mapema. Keki, matunda na chupa ya mvinyo ambayo hoteli huwapa maharusi hutolewa kwa aliyesema wakati wa kubuku, na hoteli nyingi hutaka nakala ya cheti cha ndoa. Kama hamnywi pombe, semeni, mtawekewa juisi.

Fedha. Bei za kempu nyingi hutolewa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Pakeji ya dola 2,000 ilikuwa shilingi 320,000 kwa aliyelipa mapema na 260,000 kwa aliyelipa baadaye, na mwaka mwingine inaweza kugeuka upande wa pili. Ombeni mkataba wa shilingi, au kubalianeni tarehe na kiwango cha kubadilishia. Desturi ni amana ya karibu asilimia 30, salio siku 30 kabla ya kufika, na msimu wa juu siku 45 au 60. Kabla ya amana, mtaalamu anaweza kuwashikilia chumba bila malipo kwa siku chache. Muulizeni tarehe ambayo hoteli itakiachilia. Someni masharti ya kuahirisha kwa makini zaidi kuliko ya kughairi, kwa sababu harusi husogezwa: msiba huja, mzazi hulazwa, mahari haijakamilika. Malipo yaende kwenye Paybill au till, yaani nambari za biashara za M-Pesa, au akaunti ya benki, yenye jina la kampuni, lile lililo kwenye leseni. Nambari ya mtu binafsi ni hapana. Kumbukeni M-Pesa haivushi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo salio kubwa lipitie benki, na risiti zote ziwekwe mahali pamoja.

Kwenye vocha tafuteni kwa macho yenu: kiingilio cha mbuga kimo au hakimo, na tiketi inadumu kwa muda wa saa ngapi, chakula chote au kiamsha kinywa tu, vinywaji, gari la kutoka kituoni. Kama mmoja wenu ni mgeni, bei yake inaweza kuwa ya asiye mkaazi, na kila hoteli ina namna yake ya kuhesabu chumba cha Mkenya na mgeni. Swali hilo liulizwe kabla ya amana. Bahashishi wekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na sehemu moja ya kumi kwa dharura.

Wanaotoka nje ya nchi, nitapita haraka. Pasipoti ibakishe miezi 6 baada ya kurudi. Bibi harusi akate tiketi kwa jina lililo kwenye pasipoti aliyo nayo, hata kama tayari anaitwa jina la mume. Kubadilisha jina kungoje mkirudi. Afrika Kusini haimdai Mkenya viza tangu Januari 2023, na Maldives hutoa kibali cha siku 30 mnapofika. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla. Cheti chake sasa hudumu maisha. Zanzibar imeanzisha bima ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024, na mtaalamu awaeleze sharti linalowahusu nyinyi. Wanaokwenda nchi za Ulaya zenye viza ya Schengen, ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000.

Afya. Mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya malaria ya pwani wala ya Mara. Muoneni daktari wiki mbili au tatu kabla, na mjue kwamba doxycycline, dawa inayotumika sana, hufanya ngozi iungue kwa jua haraka. Anayepiga mbizi asipande ndege kabla ya saa 18 hadi 24 kupita, na kile kindege cha kutoka Ukunda, uwanja wa karibu na Diani, nacho ni ndege. Kwa hiyo mbizi iwe mwanzoni mwa kukaa, siku ya mwisho hapana. Kwa wanaokwenda mbali na hospitali, ulizeni kama pakeji ina bima ya uokoaji kwa ndege, kama ile ya AMREF Flying Doctors walioko Wilson. Na chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, bebeni za chuma.

Wiki moja kabla ya harusi, mtaalamu apige simu kila kituo na kuthibitisha majina, tarehe na saa za kuchukuliwa, kisha awape karatasi moja yenye nambari ya dereva wa kila siku. Nakala ya karatasi hiyo apewe msimamizi wa harusi, kwani simu zenu siku ile zitakuwa na watu wengine.

Nimemaliza upande wangu. Walio na harusi Desemba hii wanyooshe mikono, tuanze maswali na nyinyi, kwa sababu muda wenu ndio mfupi zaidi.